CV ya yadi au CV ya ofisi: dereva wa lori abebe ipi?

Dereva wa lori anayetafuta kazi Nakuru, Kisumu au Eldoret huwa amebeba karatasi ya aina moja kati ya mbili. Ya kwanza ni ile ya saiba, duka la intaneti na uchapaji: kurasa nne, jina kwa herufi kubwa, dini, hali ya ndoa, shule ya msingi, "lengo langu kikazi", mambo anayopenda wakati wa mapumziko, na wadhamini watatu ambao wawili wao ni wachungaji. Ya pili ni ukurasa mmoja unaosema ana leseni gani, ameendesha gari gani, amebeba nini, kwenye njia ipi, na nani apigiwe simu. Hiyo ya kwanza nitaiita CV ya ofisi, ya pili CV ya yadi.

Kazi yangu ni kupanga magari na mizigo kwenye yadi moja hapa Nakuru, na karatasi za madereva hupita mezani kwangu kabla hazijamfikia mwenye magari. Kwa hivyo nina upande wangu tayari: kwa kazi nyingi za lori, ile ya ukurasa mmoja hushinda. Si kazi zote, hata hivyo. Kuna mahali ukiipeleka hiyo ya ukurasa mmoja utaachwa nje hata kama umeendesha trela tangu zamani za gia za kusukuma kwa mguu na mkono.

Anayesoma ni nani

Kwenye yadi, msomaji mara nyingi ni mwenye magari mwenyewe au meneja wake. Anasoma amesimama. Simu iko sikioni, kuna trela langoni linasubiri karatasi za mzigo, na fundi anamwita kuhusu klachi. Hana haja ya kujua uliingia darasa la kwanza mwaka gani. Anajiuliza jambo moja tu: nikimpa huyu funguo Jumatatu, gari langu na mzigo wa watu vitafika? Mstari usiomjibu hilo unamchosha, na akichoka anachukua karatasi ya mwingine.

Ofisini mambo ni kinyume. Iwe ni serikali ya kaunti, shirika la misaada au kiwanda kikubwa chenye idara ya wafanyakazi, huko CV yako husomwa na watu walio na tangazo la kazi mkononi na orodha ya masharti pembeni. Wanatia alama. Tangazo likitaka cheti cha huduma ya kwanza, nawe unacho ila hukukitaja, hapo panabaki wazi na jina lako linaondoka. Hakuna atakayekupigia simu kukuuliza kama ulisahau. Huko urefu haumkeri mtu. Kinachokuangusha ni sharti ambalo halikujibiwa.

Kazi ile ile, imeandikwa mara mbili

Tumchukue dereva mmoja wa kubuni aliyekaa miaka mitano kwa mwajiri mmoja. Hivi ndivyo saiba nyingi humwandikia:

"2018–2023: Dereva. Majukumu: kuendesha gari la kampuni, kuhakikisha gari ni safi wakati wote, kufuata sheria za barabarani, kuwahi kazini, kazi nyingine yoyote niliyopewa na mkubwa wangu."

Na hivi ndivyo angeandika mwenyewe kama angeulizwa alichokuwa akifanya:

"Machi 2018 – Agosti 2023. Dereva wa trela, kampuni ya uchukuzi, Nakuru. Gari: Mercedes Actros, baadaye FAW, trela la ekseli tatu. Mzigo: kontena, na mbolea ya magunia. Njia: Mombasa–Nakuru–Malaba–Kampala. Nilisimamia upakiaji mwenyewe. Sikuwahi kuzuiwa mizani kwa uzani. Ajali: moja, 2020, niligongwa kwa nyuma nikiwa kwenye foleni, hakuna aliyeumia. Niliondoka kampuni ilipouza magari."

Ukiisoma ile ya kwanza huwezi kujua kama mtu huyu alikuwa akivuta trela au akimpeleka mkurugenzi mjini kwa gari dogo la Probox. Kila dereva duniani hufuata sheria za barabarani kwenye karatasi. Ya pili ni ndefu zaidi, lakini mwenye yadi akifika mwisho anajua mengi: gari zake akiwa nazo za aina hiyo hatahitaji kumfundisha mtu upya, njia anaijua, mpakani si mgeni.

Hebu nikae kidogo kwenye hilo la mizani ya barabarani, pale malori yanapopimwa uzani, maana ni mstari ambao madereva wengi wazuri huuacha nje wakidhani ni jambo la kawaida. Kati ya Mombasa na mpaka wa Uganda kuna mizani Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu uzani wa magari inaweka kikomo cha tani 56 kwa lori lenye ekseli saba, yaani mihimili saba ya magurudumu, na pamoja na hilo kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Maana yake lori linaweza kuwa ndani ya uzani wa jumla na bado likashikwa Gilgil kwa sababu wapakiaji walirundika magunia nyuma. Mwenye gari ndiye anayebaki na faini, na gari linalala hapo hadi mzigo upangwe upya. Dereva anayepanda juu ya trela kabla ya turubai kufungwa, akasema "hapa mmeweka mzigo mwingi, songesheni mbele", amemwokolea mwajiri pesa ambazo hazionekani popote. Basi aliandike hilo. Mstari mmoja kama huo una uzito kuliko "mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye kujituma", maneno ambayo yamo katika kila CV iliyowahi kutoka saiba.

Kuhusu ajali, kuna wanaoshauri usiitaje kabisa. Mimi naona iwekwe, kwa maneno machache, kama ni ajali iliyoandikishwa polisi au iliyofika kwa bima. Hii kazi ya uchukuzi watu wanajuana. Meneja wa Nakuru alifanya kazi Eldoret, wa Eldoret ana shemeji Kisumu, na habari ya trela lililolala mtaroni hufika kabla ya mwenye CV. Ukiwa umeitaja mwenyewe, inakuwa habari uliyoileta. Ikiletwa na mtu mwingine, inakuwa siri uliyoificha. Kwenye CV ya ofisi, hata hivyo, usiiweke isipokuwa tangazo au fomu imeuliza. Pale hakuna safu yake, na utaulizwa kwenye mahojiano kama wanataka kujua.

Kujisifu kwa kasi

Kuna sifa ambazo dereva anaona ni nguvu na msomaji anaona ni hatari. "Naweza kutoka Mombasa hadi Malaba siku moja bila kulala." Hebu tupige hesabu. Sheria ya Trafiki ya Kenya hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24, na mwendo wa lori mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa. Hata ungeenda kilomita 80 bila kusimama mahali popote, saa 8 ni kilomita 640. Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya 900. Kwa hivyo anayejisifu hivyo ameandika kwa mkono wake kwamba huvunja sheria, na kampuni zenye kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti hazitaki kuona sentensi hiyo. Andika badala yake kwamba umezoea gari lenye kifaa cha ufuatiliaji na kidhibiti mwendo. Ni sifa ya kweli. Kuna madereva wanaoyakataa magari ya namna hiyo.

Hapa Nakuru kuna jambo lingine. Ukipata nafasi ya kuketi mbele ya meneja, usishangae akikuuliza unashukaje kutoka Mau Summit hadi Salgaa. Ule mteremko wa Sachangwan umemeza watu wengi. Baadhi ya malori yaliyoshindwa pale yalikuwa yameachiwa yajiendee bila gia ili kuokoa dizeli, breki zikashika moto, na gari likikosa breki na gia kwa pamoja dereva hana tena la kufanya. Jibu linalotafutwa ni gia ya chini tangu mwanzo wa mteremko, breki ya ekzosti au retada (vifaa vinavyopunguza mwendo bila breki za magurudumu) ndiyo ifanye kazi, na breki ya mguu iguswe kwa kiasi. Sasa CV inaweza kukujibia nusu ya swali hilo mapema: taja kama umeendesha gari lenye retada, gia za mkono au za otomatiki, na kama njia yako ya kila wiki ilipita hapo. CV ya ofisi haiwezi kubeba maelezo ya namna hiyo bila kuonekana ya ajabu. Kwenye ya yadi yanakaa vizuri kabisa.

Leseni, na mambo ya juu ya ukurasa

Hapa sina mengi. Kwenye CV ya yadi, chini ya jina na simu, mstari wa kwanza ni leseni: madaraja yake, mwaka ulioanza kuwa nayo, na tarehe inayoisha. Matangazo mengi bado husema "BCE", herufi za madaraja ya zamani, kwa mazoea, ilhali kadi za sasa za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, zina C1, C na CE, na CE ndiyo ya lori kubwa lenye trela. Andika herufi jinsi zilivyo kwenye kadi yako, usiandike za kwenye tangazo. Kwenye CV ya ofisi leseni inaweza kukaa ukurasa wa pili pamoja na vyeti vingine, mradi iwepo, na mradi usiandike "halali" bila tarehe.

Dini, kabila, hali ya ndoa na nambari ya kitambulisho zitoke kwenye zote mbili. Nambari ya kitambulisho pamoja na simu na sahihi yako ni vitu ambavyo mtu mbaya anaweza kuvitumia kukopa, na CV zilizokataliwa nimeshawahi kuzikuta zimefungia njugu karanga. Ukishaitwa, nakala ya kitambulisho utaitoa.

Ukiwa na mabosi wengi

Hapa ndipo kurasa nne za saiba humwumiza dereva kuliko popote. Saiba hupanga kwa tarehe: mwaka huu hadi mwaka huu, fulani, mwaka huu hadi mwaka huu, fulani mwingine. Kwa aliyekaa kazi moja muda mrefu ni sawa. Lakini madereva wengi wa magharibi hawajaishi hivyo. Msimu wa miwa anavuta trela la trekta kutoka shamba hadi kiwandani, Muhoroni au upande wa Kabras. Miwa ikiisha anamshikia jirani Canter ya kupeleka nyanya na vitunguu. Kisha rafiki anaugua, anamshikia trela safari mbili tatu hadi Kampala. Ukipanga haya kwa tarehe, karatasi inasema mtu huyu hadumu mahali, na katikati kuna mapengo ya miezi.

Yapange kwa gari badala ya tarehe:

"Trela (CE): jumla ya takriban miezi 14 kati ya 2020 na 2024, nikiwashikia madereva wa kudumu. Njia: Kisumu–Busia–Kampala na Nakuru–Mombasa. Mzigo: sukari, mahindi, kontena tupu.
Lori la kati (Isuzu FRR, Fuso): miaka 3, mazao ya shambani, Kitale–Kisumu–Nakuru.
Trekta na trela la miwa: misimu 4."

Huo ni ukweli ule ule, lakini sasa unasema kitu. Meneja anaona miezi 14 ya trela, anaamua kama zinamtosha. Pengine hazimtoshi, naye atakupa lori la kati kwanza. Si vibaya, madereva wengi wa trela walianzia hapo. Kitu ambacho usifanye ni kujumlisha trekta, Canter na trela, uandike "uzoefu wa miaka 8 wa magari makubwa". Ukipelekwa kurudisha trela nyuma kwenye kona ya yadi, dakika tatu zinatosha kuonyesha miaka hiyo ilikuwa ya nini.

Kwa ofisi, mpangilio huu wa magari haufai. Kamati inataka tarehe, mwajiri na cheo, na itahesabu miaka yenyewe. Kwa hivyo kama unaomba kaunti, rudi kwenye tarehe, na zile kazi za kushikia ziweke chini ya kichwa kimoja: "Dereva wa muda, waajiri mbalimbali, 2020–2024", kisha uwataje mmoja mmoja kwa ufupi.

Na kuna karatasi ambayo wengi hawaidai ilhali ni haki yao. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, isipokuwa kama alifanya kazi kwa muda usiofika wiki nne mfululizo. Kinataja ulianza lini, uliisha lini, na ulifanya kazi gani. Mwajiri halazimiki kukusifu humo, na mkiwa mmeachana kwa ubaya pengine hatakusifu. Lakini hawezi kukataa kuandika kwamba ulikuwa pale. Cheti hicho kikiwa nyuma ya CV ya ofisi kinazima maswali mengi. Kwenye yadi kina kazi ndogo zaidi, maana yadi huamini simu kuliko karatasi.

Wa kupigiwa simu

Mchungaji wako ni mtu mwema na chifu anakufahamu tangu utotoni, lakini hakuna kati yao aliyewahi kukupa gari. Kwa CV ya ofisi, kiongozi wa dini au mwalimu mkuu anaweza kubaki kama mmoja wa watatu, kwa sababu fomu zenyewe wakati mwingine hutaka hivyo. Kwa yadi, weka wawili tu: aliyekuwa akikupangia safari, na aliyekuwa akipokea mzigo. Huyo wa pili husahaulika. Karani wa ghala la Kibos, Kisumu, aliyekuona ukifika na magunia yote bila kupungua anajua uaminifu wako kuliko mtu yeyote.

Simu zenyewe huwa fupi. Moja niliyoisikia ikipigwa ilikwenda hivi:

"Habari ya Kisumu, mzee? Nina kijana hapa anasema alikuwa kwako."
"Yupi? Aah, huyo. Mpe gari tu, dizeli yako haitapotea. Lakini Disemba atakuomba ruhusa ya nyumbani, ujitayarishe."

Akaajiriwa siku hiyo hiyo. Mambo ya dizeli ndiyo yaliyomaliza mazungumzo; kunyonya mafuta ni ugonjwa wa biashara hii na kila mwenye gari ana hadithi yake. Kwa hivyo kama ulikuwa ukiandika kumbukumbu ya mafuta, kilomita kwa lita, sema. Na kabla hujaandika namba ya mtu kwenye CV, mpigie kwanza. Namba iliyozimwa inakuharibia, na mtu aliyeshtukizwa hujibu "simkumbuki vizuri".

Kazi gani, karatasi gani

Safari za nje, yaani Mombasa hadi Kampala, Kigali na kwingineko, zinaombwa kwa karatasi ya yadi bila shaka. Juu yake, baada ya leseni, taja mipaka unayoijua. Malaba na Busia hazifanani foleni, na dereva anayezijua taratibu za muhuri wa elektroniki ambao KRA, mamlaka ya mapato, huufunga kwenye mzigo, anayeelewa karatasi za mzigo unaopita kwenda nchi nyingine, na asiyempigia meneja simu saa nane usiku kuuliza aingie laini gani, huyo anatafutwa. Kitambulisho cha taifa kinatosha kuingia Uganda na Rwanda, lakini pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano ukiwa navyo viandike. Vinasema unaweza kutumwa mbali zaidi kesho asubuhi.

Mafuta ni habari nyingine. Bohari za Kenya Pipeline ziko Nakuru, Eldoret na Kisumu, kwa hivyo kazi za tanka huku kwetu ni nyingi, na ndizo zinazochanganya karatasi hizi mbili. Mwenye tanka ni mtu wa yadi, lakini mteja wake ni kampuni ya mafuta yenye ukaguzi wa ofisi. Baada ya Sachangwan ya tarehe 31 Januari 2009, tanka lilipopinduka, watu wakakimbilia kuteka mafuta na moto ukawaua zaidi ya 100, hakuna anayeweza kulichukulia tanka kama lori lolote. Hapa andika ukurasa wa yadi, kisha uongeze wa pili wenye vyeti pekee, kila kimoja na tarehe ya kuisha: kibali cha dereva wa mafuta kutoka EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta, mafunzo ya udereva wa kujihami, huduma ya kwanza, kuzima moto. Cheti kilichoisha mwezi uliopita ni sawa na kutokuwa nacho, kwa hivyo kifanye upya kabla ya kuomba.

Kusambaza bidhaa mjini na vitongojini, soda, unga, gesi, mkate, huhitaji leseni ndogo zaidi lakini ina kitu ambacho madereva wa trela hudharau: pesa na watu. Unapokea malipo, unarudisha makreti, unagombana na mwenye duka Kondele, Kisumu, kuhusu chupa mbili zilizovunjika. CV ya yadi inafaa, ila mstari wa "njia" ugeuke kuwa mstari wa maduka na hesabu: ulipokea M-Pesa na fedha taslimu, hesabu zilifungwa kila jioni, taniboi (wasaidizi wa gari) wangapi walikuwa chini yako.

Miwa na kazi za tipa kwenye ujenzi wa barabara, kusema kweli, CV haina kazi kubwa. Unakwenda, unaonekana, unajaribiwa. Beba leseni na namba za simu mbili.

Kaunti na mashirika: hapa CV ya ofisi, bila mjadala. Matangazo ya udereva serikalini hufuata mtindo mmoja wa masharti: gredi ya KCSE (mtihani wa kidato cha nne), leseni, tredi testi (mtihani wa ufundi wa kazi), mtihani wa kufaa kwa udereva kutoka KIHBT, chuo cha serikali cha barabara na ujenzi, huduma ya kwanza ya mafunzo yasiyopungua wiki moja kutoka St John Ambulance au taasisi nyingine inayotambulika, na cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Chukua tangazo, panga CV yako kwa utaratibu ule ule wa masharti, na utumie maneno yao. Wakisema cheti cha mafunzo kisichopungua wiki moja, andika tarehe uliyoanza na uliyomaliza ili wiki ionekane. Cheti cha tabia njema huombwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na alama za vidole huchukuliwa Huduma Centre, Nakuru, Kisumu na Kakamega zikiwemo. Usisubiri tangazo litoke ndipo uanze, maana tarehe ya mwisho ya maombi haikungoji.

Lugha, na namna ya kuipeleka

Mifano nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu tunazungumza Kiswahili, na mahojiano ya yadi pia huwa kwa Kiswahili. CV yenyewe, kwa ofisi nyingi za Kenya, bado huandikwa kwa Kiingereza. Mwambie mtu wa saiba aandike ulichomwambia, asikupambe. Ukiona neno ambalo huwezi kulieleza mbele ya meneja, lifute.

Ya yadi hupelekwa kwa mkono au kwa WhatsApp. Kwa mkono ni bora, asubuhi baada ya magari ya kwanza kutoka, si saa moja wakati kila mtu anapiga kelele. Ukituma kwa WhatsApp, tuma PDF yenye jina lako na daraja la leseni. Picha ya karatasi iliyokunjwa, kidole gumba kikionekana pembeni na kitambaa cha meza chini yake, haiwezi kuchapishwa wala kutumwa kwa mwenye magari. Ya ofisi huenda kwa barua pepe au tovuti yao, vyeti vikiwa faili moja, siyo kumi na moja, na nambari ya tangazo iwekwe kwenye kichwa cha barua.

Kama pesa uliyo nayo ni ya kuchapa moja tu, chapa ya yadi na uombe nakala ya Word kwenye barua pepe yako kabla hujaondoka saiba. Tangazo la kaunti likitoka, utaongeza kurasa za shule na vyeti juu ya msingi huo, jioni moja tu. Kuanzia kurasa nne kurudi moja ni kazi ngumu zaidi, na wa saiba hulipwa kwa ukurasa.